Mizani ya Mama wa Seva

Ukimtuma mtu apeleke mandazi kumi kwa Mama wa Seva, ujiandae kupigiwa simu. "Yametoka mangapi huko?" Unajibu kumi. "Na huku yamefika kumi. Haya." Anakata. Yakifika tisa, Mungu amsaidie aliyeyabeba, maana Mama hakuwa mtu wa kugomba. Alikuwa anamtazama tu mdomoni, kimya, mpaka mwenyewe anakiri na kutaja amelila lile moja akiwa amefika wapi.

Hivyo ndivyo nilivyomkuta pale redioni kwetu Mpanda. Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, yeye ndiye mkuu wangu, na alikuwa mtu pekee katika jengo lile ambaye Meneja alimwogopa. Jina lake nalijua. Silitaji kwa sababu najua akisoma hapa atahesabu nimelitaja mara ngapi, kisha anipigie. Na kusema kweli hakuna aliyelitumia. Kuanzia mlinzi hadi watangazaji, wote walimwita Mama wa Seva, na wageni wengine walidhani Seva ni mwanawe wa kwanza.

Kazi alinifundisha kwa magunia. Yeye ni Mpimbwe wa kule Kibaoni, na mahindi na mpunga ndiyo lugha aliyoianza kabla ya Kiswahili. "Sikiliza, gunia likitoka Kibaoni linapimwa," aliniambia siku ya kwanza. "Likifika Mpanda linapimwa tena. Huna haja ya kulifungua uanze kukagua punje. Kilo zikilingana, asante dereva. Zisipolingana, kuna mtu kala njiani. Na faili nalo lina uzito wake."

Uzito wenyewe ulikuwa mstari wa herufi na tarakimu sitini na nne ambao kompyuta inaukokotoa kutoka kwenye faili. Ukibadilisha nukta moja tu ndani ya faili, mstari wote unageuka. Jina lake la Kizungu alilijua vizuri kuliko mimi niliyetoka chuoni nalo, ila alikataa kulitumia. Kila kipindi kilichorekodiwa studio kilipimwa kwenye kinasa sauti kabla ya kupelekwa maktaba, kikapimwa tena kikifika, na uzito wa mara zote mbili ukaandikwa kwa mkono kwenye kaunta buku, herufi sitini na nne za kutoka, herufi sitini na nne za kufika. Mkono wangu ulikuwa unavimba. Nikamwuliza kwa nini tusiiachie kompyuta iandike yenyewe.

"Na kompyuta ikiugua nani ataniambia? Yenyewe?"

Nikaendelea kuandika.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Mlangoni pa chumba cha seva alibandika karatasi: CHAKULA MARUFUKU. Mwanahabari mmoja aliingia na karanga mfukoni, karanga hata hazijamenywa, akatolewa nje kama mwizi. Lakini nyuma ya kabati la betri, palepale penye ubaridi mzuri, Mama alikuwa na furushi la migebuka mikavu kutoka Karema, limefungwa kwenye magazeti matatu. Nililigundua kwa pua. Nikamwonyesha, nikasubiri aone aibu. Akaniambia bila hata kupepesa macho, "Hicho si chakula. Hiyo ni akiba." Jioni akanipa samaki wawili, na tangu hapo na mimi nikawa sinusi kitu.

Tena kwenye simu alikuwa mwongo wa kutisha. Meneja akipiga kuuliza kazi imefika wapi, Mama anajibu asilimia tisini na tano. Siku zote tisini na tano. Kazi haijaanza, tisini na tano. Imekwisha jana, tisini na tano. Nikimkodolea macho ananieleza kwamba mkubwa ukimwambia mia anakupa kazi nyingine, ukimwambia hamsini anakuja kukaa nyuma ya kiti chako, kwa hiyo tisini na tano ndiyo namba ya amani. Kwa faili alitaka ukweli mpaka herufi ya sitini na nne. Kwa Meneja alitaka amani.

Utani wetu aliutangaza mwenyewe. Mimi ni Msukuma, baba yangu alishuka na ng'ombe kutoka kaskazini na kuhamia kwa Wapimbwe kabla sijazaliwa. Kama Wasukuma na Wapimbwe ni watani kweli, mimi sijui, na wazee wa pande zote mbili wangeweza kubishana hapo mpaka kesho. Mama hakuwasubiri wazee. Wiki ya pili aliingia ofisini akanikuta nakunywa chai, akaibeba chai, akainywa yote, akasema, "Ng'ombe wa baba yako walikula mahindi yetu. Leo nimeanza kulipiza." Nikamjibu kwamba mahindi yenyewe yalikuwa membamba, ng'ombe waliyala kwa kuyaonea huruma. Ofisi nzima ikasubiri nifukuzwe. Yeye akakaa chini kwa kucheka. Toka siku hiyo nilikuwa na ruhusa ya kumwambia lolote, na yeye lolote kwangu, na kila mtu redioni alijua kwamba maneno yetu wawili hayachukuliwi kama maneno.

Kumbukeni hilo, maana ndilo karibu litumalize.

Tulikuwa na kompyuta moja kubwa ya chuma, ndiyo seva yenyewe, na ndani yake kompyuta nne za kufikirika tu, mashine pepe, kila moja ikidhani iko peke yake nyumbani. Chukulia wapangaji wanne, nyumba moja, na hakuna anayejua wenzake wapo. Moja ilirusha matangazo, moja ya barua, moja ya ofisi, na ya nne ndiyo maktaba: nyimbo, mahojiano, salamu, kila sauti iliyowahi kupita kwetu. Diski zao zilikaa kwenye kabati la zamani tuliloazimwa. Likaja kabati jipya, letu wenyewe, na mimi nikapewa kazi ya kuwahamisha wapangaji wote wanne. Meneja alinieleza masharti akiwa amesimama. "Ijumaa kabati la zamani linarudi kwa wenyewe. Maktaba isipohama, na mkataba wako hauhami kwenda mwaka mwingine."

Watatu walihama Jumatatu bila neno. Maktaba ikafika asilimia sitini na tatu, ikakataa. Ujumbe ukasema data iliyosomwa hailingani na uzito wake. Nikaanza upya. Sitini na tatu. Nikabadilisha waya, sitini na tatu. Nikaizima maktaba kabisa nikajaribu kuihamisha ikiwa imelala, sitini na tatu palepale. Nilikuwa namwona mama yangu Kibaoni akiwaeleza majirani kwamba mwanawe wa kompyuta amerudi kuchunga.

Wenzangu wa habari wakanishauri niibonyeze ile sehemu ya kulazimisha, inayoruka makosa na kuendelea. Kidole changu kilikuwa tayari. Mama akanishika mkono. "Ukiruka, unahamisha gunia na panya ndani. Panya mnamjua. Atazaa huko kwenye nyumba mpya."

Basi tukaanza kumtafuta panya. Tuliliamuru kabati la zamani lijikague lote, kazi iliyochukua hadi Jumanne asubuhi, likatupa jibu: faili moja tu ndilo bovu. Nyimbo za kwaya kutoka milima ya Mwese. Lakini hapo pakawa na ajabu. Kabati lile lilikuwa na diski mapacha, kila kitu kinaandikwa mara mbili, ili mmoja akiugua mwenzake amponye. Hapa mapacha wote wawili walikuwa na kosa lilelile, mahali palepale.

"Mapacha wakikudanganya neno kwa neno, usiwapige," Mama alikuwa amenifundisha zamani. "Mtafute aliyewafundisha." Na anayezifundisha diski ni memori, kile kipande ambacho data inapita kabla haijaandikwa. Memori ikiwa mbovu, diski zinaandika ubovu kwa uaminifu mkubwa. Nikampa Mama taarifa kwamba nakwenda kusoma kumbukumbu za seva yenyewe, zile inazojiandikia. Akasema haya, kisha akasema ana miadi ya meno. Meno yake yalikuwa mazima yote, yenye uwezo wa kuvunja miwa.

Kumbukumbu zilisema hivi. Miezi kadhaa nyuma, Alhamisi moja, seva ilizimwa dakika arobaini. Ilipowaka ilikuwa na memori nyingi kuliko ilipozimwa. Wiki tatu baadaye ikazimwa tena, ikawaka ikiwa na memori yake ya mwanzo. Nikafungua kaunta buku ukurasa wa ile Alhamisi. Kwa mwandiko ninaoufahamu kuliko wangu, paliandikwa: *Nimefagia chumba cha seva.* Chini yake, kwenye mstari wa vipindi vya siku hiyo, nyimbo za Mwese zikiwemo, uzito wa kutoka ulikuwepo wote, herufi kwa herufi. Kwenye uzito wa kufika, kote, neno moja. *Sawa. Sawa. Sawa.*

Hakupima.

Nikalifunga lile daftari. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Yule yule aliyenivimbisha mkono. Na mwezi ule alikuwa anastaafu, na watu wote tulijua Meneja amemwahidi kumwongezea miaka miwili ya mkataba kwa ajili ya uaminifu wake. Ukurasa ule mmoja mezani kwa Meneja ungeniokoa mimi, na ungemwangusha yeye.

Aliporudi kutoka kwa daktari wa meno asiyekuwepo, nilimwuliza kitu kimoja tu.

"Mama, tangu lini kufagia kunaongeza memori?"

Akavua ndala zake, akazivaa tena. "Nani mwingine ameona?"

"Mimi tu."

"Basi funga mlango, Msukuma."

Akaeleza. Ilikuwa siku ya fainali ya mpira wa wilaya, tunarusha moja kwa moja alasiri, na tangu asubuhi matangazo yalikuwa yanakatakata. Watangazaji wamemsimamia, Meneja amemsimamia. Akachomoa kipande cha memori kwenye kompyuta ya mapokezi, akakipachika kwenye seva bila kukijaribu, na mpira ukasikika vizuri mpaka Karema. Akasifiwa. Akaona aibu kukitoa mapema. "Nilijua hakifai," akasema. "Nilijua wakati naingiza. Lakini watu walikuwa wananitazama, nikataka waone najua." Kisha akasema, "Ndiyo maana siku ile nilishindwa kupima. Niliogopa mizani."

Nilimpenda sana dakika ile, na nilimkasirikia sana, vyote pamoja.

Nikapendekeza njia fupi: tulifute faili la kwaya, maktaba itahama, yaishe. Akanitazama mdomoni kama aliyekula andazi. "Watu wale walishuka milima kwa miguu, wakalala njiani, wakaja kuimba. Wewe unataka kuwafuta kwa sababu mimi nilikuwa na haraka?" Ndipo akakumbuka jambo ambalo watu wa studio walikuwa wakilinung'unikia siku zote. Kwaya ya Mwese haiondoki bila nyimbo zake. Siku ya kurekodi walikaa kwenye benchi la nje, wanawake kwa wanaume, sare zao zimejaa vumbi, mpaka wakawekewa nakala kwenye flashi moja kwa moja kutoka kwenye kinasa sauti. Nakala ile haikupita kwenye memori mbovu.

Jumatano asubuhi tulichukua bodaboda mbili. Nani aliyemwona mama wa umri ule kwenye barabara ya Mwese baada ya mvua, na kompyuta mpakato amefunga mgongoni kwa kanga kama mtoto? Mara tatu tulishuka tukasukuma. Mara ya tatu alinipa lawama mimi, kwamba Msukuma ana kilo nyingi.

Mwalimu wa kwaya alitupokea kwa heshima zote, akatukalisha, akatoa flashi ndani ya kopo la majani ya chai. Akaishika, hakumkabidhi mtu. "Hii haitoki ndani ya nyumba hii," alisema taratibu, Kiswahili chake kikiwa na mvuto wa Kirundi. "Watu walishatuchukulia vitu wakasema watarudisha."

"Umefanya vizuri," Mama akamwambia. "Na mimi nisingekupa. Hatuichukui. Tunaipima hapahapa mbele yenu, na tukikopi tunapima tena."

Wanakwaya wakaanza kuingia mmoja mmoja mpaka chumba kikajaa. Mama akanipa kaunta buku, yeye akashika kompyuta. Ilibidi yeye asome uzito wa flashi, mimi nihakikishe dhidi ya kilichoandikwa. "Saba," akasoma. "A. Tatu. Tatu." Nikaitikia, "Saba, a, tatu, tatu." Mama mmoja wa sauti ya pili akaona hapa wanaitikia, na yeye akaitikia. Kufika herufi ya kumi na mbili kwaya nzima ilikuwa inajibu, na kufika ya ishirini sauti ya nne ilikuwa imeshajipanga chini. Wallahi waliimba uzito wa faili, herufi zote sitini na nne, kwa sauti nne, na hakuna aliyejua anaimba nini. Mama alikuwa anasoma huku machozi ya kicheko yanamtiririka. Herufi ya mwisho ilikuwa d. Nayo ikalingana.

Alhamisi tukaliweka faili zima mahali pa lile bovu, tukalipima tena, tukaanza kuhamisha. Ilipofika sitini na tatu Mama aligeukia ukutani. Ikapita. Ikafika mia. Simu ya Meneja ikalia, akauliza imefika wapi. Mama akamjibu.

Ijumaa kikao. Kabati la zamani limeondoka kwa amani, lakini Meneja alitaka kujua kwa nini kazi ya siku moja imekula siku nne, na alikuwa ananitazama mimi. Mama akasimama. Akasema kila kitu: kipande cha memori, mapokezi, fainali, kufagia, zile *sawa* tatu. Alisema polepole, mikono ameikunja mbele kama yuko kanisani.

Meneja akacheka. Kwanza yeye, kisha meza nzima. "Mama, mtani wako amekulipa nini? Eti nimefagia." Wakacheka zaidi. Mama akarudia, akaapa. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyoshika matumbo. Nikasimama na mimi nikasema ni kweli, hata daftari lipo, ikawa ndiyo wamemalizwa kabisa. Mhasibu alitoka nje kufuta machozi. Kikao kikafungwa kwa uamuzi kwamba uzembe ulikuwa wangu, na mkataba wangu utafikiriwa.

Nilikaa wiki mbili nikifikiriwa. Kisha nikaitwa, nikapewa mkataba wa miaka miwili, bila maelezo. Mwisho wa mwezi Mama akaagwa. Meneja alitangaza kwamba Mama amekataa nyongeza kwa hiari yake, anataka kupumzika shambani. Mbuzi alichinjwa. Mimi nikahutubia, nikasema tunafurahi kuondokewa na harufu ya migebuka, na yeye akacheka kuliko wote.

Niliamini kwamba alichoka. Miaka ikaenda, Meneja akahamishwa, na mimi nikakalishwa kwenye kiti cha Mama na kupewa funguo za kabati la mafaili. Ndani ya jalada langu mwenyewe nikakuta barua ya mwandiko ule. Ukurasa wa kaunta buku ulikuwa umebandikwa nyuma, na kumbukumbu za seva zimechapishwa, na mstari wa mwisho ulisema: *Safari hii siyo utani. Kama lazima mkataba mmoja ukatwe, ukatwe wangu, na kijana asiambiwe.*

Jumamosi yake nilikuwa Kabungu, anakolima. Nilimkuta anapukuchua mahindi uani, amekonda kidogo, kilemba kilekile. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniletea uji kwenye kikombe kikubwa. Nikamwekea barua kwenye mkeka. Aliitazama, akaendelea kupukuchua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekuja kunishukuru."

"Sasa kuna ubaya gani?"

"Mtani akishaanza kushukuru, utamtukana tena lini?" akasema. "Na mimi huku nani ananitukana? Majirani wote wananiheshimu. Nachoka."

Njia nzima kutoka Mpanda, juu ya bodaboda, nilikuwa nayapanga maneno ya shukrani. Yalikuwa mazuri. Nikayameza yote pamoja na funda la uji, nikamwambia uji wenyewe una ladha ya maji ya betri, na ng'ombe wa baba yangu wangeukataa hata mwaka wa njaa. Akaegemea ukuta akacheka mpaka mahindi yakamwagika mapajani. Nikamnyoshea kikombe anijazie tena.